Kupoza, Kupooza na Kufungua: Lugha ya Kituo cha Umeme cha Ubungo



Chini kidogo ya kilima cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro, kipo kituo cha umeme cha Ubungo, mali ya Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO. Abiria wapitao hapo kila siku huona uzio, minara ya chuma, nyaya nene zilizotandazwa juu, vihami vya kauri vilivyopangwa kama visahani, na mitambo mikubwa iliyokaa kimya juu ya sakafu ya zege. Si kimya kabisa. Anayesimama karibu husikia mvumo mmoja usiopanda wala kushuka, kwa kuwa chuma kilichomo ndani ya mitambo hiyo hutikisika mara 100 kwa kila sekunde, yaani mara mbili ya mapigo 50 ya umeme wenyewe.

Umeme unaofika hapo umesafiri mbali. Bwawa la Kidatu, katika Mto Ruaha Mkuu, lilianza kuzalisha mwaka 1975, na mwaka 1980 uwezo wake ulifikia megawati 204. Umeme wake huja Dar es Salaam kupitia Morogoro, mwendo wa takriban kilomita 300, katika nyaya zenye msongo wa kilovolti 220. Ubungo hushushwa kuwa kilovolti 132, kisha 33. Kutoka hapo huelekea kwenye vituo vidogo vya mjini, hushushwa tena kuwa kilovolti 11, na mwisho transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani huufikisha katika volti 400 kwa mashine za njia tatu, au volti 230 kwa taa na pasi ya nyumbani.

Mahali kama hapo Watanzania hupaita kituo cha kupoza umeme. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeliuliza. Mhadhara huu unakusudia kuliuliza, pamoja na maneno mengine machache yanayozunguka uzio ule, kwa sababu yapo maisha ya watu yanayoyategemea. Mwananchi aliye nje ya uzio hulijua jambo lililomo ndani kwa njia ya maneno tu. Hawezi kuuona msongo, wala kuunusa. Mwendeshaji aliye ndani naye hupokea amri kwa simu, akaitekeleza. Wote wawili wakipewa neno lenye maana mbili, mmoja wao anaweza kufa. Hoja itakayotolewa ni kwamba neno kupoza ni zuri lakini lina pengo la hatari, na kwamba jozi ya maneno kufunga na kufungua, ambayo haijapewa uzito wowote katika mijadala ya istilahi, ina hatari kubwa zaidi.

Poza na pooza

Kwanza tahajia, kwa kuwa bila kuitengeneza tahajia haijulikani kinachojadiliwa ni neno gani. Katika magazeti na taarifa za umma jina hili huandikwa kwa namna nne: kituo cha kupoza, cha kupozea, cha kupooza na cha kupoozea umeme. Mara nyingine namna mbili hukutana katika ukurasa mmoja, kichwa cha habari kikisema hivi na aya ya kwanza ikisema vile.

Kitenzi cha msingi ni poa. Wanaisimu wa lugha za Kibantu hukirejesha kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kupungua joto, kutulia na kupona, maana zote tatu kwa pamoja; na hadi leo chai hupoa, hasira hupoa, na jeraha hupoa. Mzizi huo ulikuwa na konsonanti mwishoni, ambayo katika Kiswahili imedondoka, lakini inaelekea imebaki katika pole na upole. Ilipokutana na irabu ya kale ya usababishi, konsonanti hiyo iligeuka kuwa z. Ndiyo kanuni ile ile iliyotupa jaza kutoka jaa, laza kutoka lala, poteza kutoka potea, legeza kutoka legea. Mfano ulio karibu kabisa ni oa na oza. Baba humwoza binti yake. Hakuna baba amwoozaye. (Kwamba tunda nalo huoza ni bahati mbaya ya lugha, na wapambe wa harusi wameizoea.) Kwa kanuni hiyo poa huzaa poza, kwa o moja, na mahali pa kufanyia kazi hiyo ni pa kupozea.

Pooza ni kitenzi kingine. Mkono hupooza, mguu hupooza, na polio huitwa ugonjwa wa kupooza. Tena katika matumizi hayo hakichukui yambwa: mkono umepooza, basi, hakuna aliyeupooza. Kituo cha kupooza umeme, kikisomwa kama kilivyoandikwa, ni mahali ambapo umeme hupatwa na kiharusi. Mwananchi aliyekaa gizani siku tatu huenda akaliona jina hilo kuwa la haki, lakini halikukusudiwa.

Kosa hili lina sababu yake, na sababu hiyo si ujinga. Katika Kiswahili silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo, na irabu yake hurefuka kidogo inapotamkwa. Poza ina silabi mbili tu, hivyo o yake ndiyo inayobeba mkazo. Sikio la mwandishi huisikia ndefu, na mkono wake huandika o mbili. Hadi hapo ni kosa la sikio. Lakini katika kupozea mkazo umehamia kwenye ze, na o haina tena sababu ya kurefuka. Mwandishi anayeandika kupoozea hafuati sikio lake. Amekwisha kuliweka akilini umbo la pooza na anaendelea kulinyambua. Hapo ndipo kosa la tahajia linapokuwa neno jipya, na ndipo wahariri wanapopaswa kuwa wakali. Neno likishapokelewa na kizazi kizima cha wasomaji, kulirekebisha ni kazi ya bure.

Picha ya joto

Kiswahili hakikuupokea umeme kwa mkono mtupu. Umeme wenyewe ni jina la mwanga wa radi, lililohamishwa kutoka mawinguni hadi kwenye waya. Wakenya wengi walichagua njia nyingine wakauita stima, neno la mvuke na meli, na hata makao makuu ya kampuni yao ya umeme jijini Nairobi yanaitwa Stima Plaza. Mitambo hufua umeme, kama mhunzi afuavyo chuma. Au huuzalisha, kama mifugo. Unapopungua hugawanywa kwa mgao, kama chakula cha msiba. Maneno haya hayakutungwa na kamati. Kamati zilifanya kazi nyingine, nayo ilikuwa ya lazima: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliwapa walimu wa sayansi mahali pa kuanzia. Lakini maneno ya umeme yaliyo midomoni mwa watu yametoka jikoni, karakanani na mtoni, na kupoza limetoka jikoni.

Picha ya jikoni iko wazi. Umeme unaotoka Kidatu ni wa moto mno, kama uji uliotoka jikoni sasa hivi, hauwezi kunywewa. Hupozwa mara moja Ubungo, hupozwa tena mtaani, ndipo mtoto anaweza kupewa. Mafundi nao wameikuza picha hiyo hiyo wanapouita waya wenye umeme waya wa moto. Mtu asiyesoma fizikia hata siku moja huelewa mara moja kwa nini kituo kile kipo, kwa nini kimezungushiwa uzio, na kwa nini haiwezekani kuvuta waya kutoka mnara mkubwa unaopita juu ya paa lake na kuwasha taa. Ni istilahi chache sana zinazoweza kufundisha mambo matatu kwa kitenzi kimoja. Wanaotaka kulifuta neno hili kwa hoja kwamba si la kisayansi wanapaswa kwanza kuonyesha lingine litakalofanya kazi hiyo.

Tena neno hili lina ukweli wa aina ya pili, ambao pengine waliolizoesha hawakuukusudia. Ndani ya transfoma mna mafuta, na mafuta hayo hufanya kazi mbili: huhami, yaani huzuia umeme kuruka kutoka nyaya hadi kwenye bati la nje, na hupoza. Joto la nyaya na la chuma cha katikati hubebwa na mafuta hadi kwenye mapezi ya pembeni, na katika transfoma kubwa feni hupuliza mapezi hayo. Kinachopozwa hapo ni chombo, umeme haupozwi. Kwa hiyo katika uwanja mmoja kuna kupoza kwa namna mbili, kwa mfano na kwa kweli, na ni rahisi kuzichanganya. Msikilizaji anayedhani kwamba mafuta yale ndiyo yanayoupoza umeme, kama maji baridi katika chai, atakuwa amedanganywa na lugha. Umeme hushushwa na hesabu ya mizunguko ya waya: mizunguko mingi upande wa kuingilia, michache upande wa kutokea. Mafuta yangeweza kuwa baridi kama barafu na msongo usipungue hata volti moja. Wizi wa mafuta ya transfoma umelalamikiwa mara nyingi nchini. Mafuta yakiibwa, transfoma huungua, na mtaa mzima hubaki gizani.

Sasa pengo. Chai iliyopoa haiunguzi, na hiyo ndiyo maana yote ya kuipoza. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba umeme umekwisha kupozwa ana haki ya kudhani kwamba umekuwa salama. Haukuwa. Umeme uliotoka Ubungo kwa kilovolti 33 umepozwa mara mbili na bado hauhitaji hata kuguswa ili uue. Mtu akisogeza fimbo mbichi au bomba la chuma karibu yake, huweza kuruka hewani ukamfikia. Waya wa kilovolti 11 ulioanguka baada ya mvua huisambaza hatari ardhini pande zote, kiasi kwamba anayeukaribia kwa hatua ndefu anaweza kupigwa kwa tofauti ya msongo iliyopo kati ya mguu wake mmoja na mwingine. Na zile volti 230 za nyumbani, zilizopozwa kwa mara ya mwisho, zinatosha kabisa kumuua mtu mzima aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji. Lugha ya mtaani inayotenga umeme mkubwa na umeme mdogo inaliongeza kosa hili, kwa kuwa kidogo, katika mazoea ya watu, ni kisichodhuru.

Pengo la pili halijulikani sana. Picha ya jikoni inasema kwamba umeme wa juu ndio wa moto na wa chini ndio baridi. Kwa upande wa nyaya, mambo ni kinyume. Nguvu ile ile inaweza kusafirishwa kwa msongo mkubwa na mkondo mdogo, au kwa msongo mdogo na mkondo mkubwa. Joto linalopotea katika waya hutegemea mkondo, tena kwa kipeo cha pili: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ndiyo sababu umeme wa safari ndefu hupandishwa msongo, ili waya usipashwe moto bure njiani. Mradi wa Julius Nyerere katika Mto Rufiji, wenye mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, hupeleka umeme wake Chalinze kwa kilovolti 400. Kwa nguvu ile ile na waya wa aina ile ile, joto linalopotea ni kiasi cha asilimia 30 tu ya lile ambalo lingepotea kwa kilovolti 220. Kwa maneno mengine umeme unaoitwa wa moto ndio unaouacha waya wake baridi. Unapopozwa kutoka kilovolti 220 hadi volti 400, mkondo wake, kwa nguvu ile ile, huongezeka mara 550. Nyumba zinazoungua kwa sababu ya nyaya nyembamba zilizobebeshwa pasi, jiko na friji kwa pamoja huunguzwa na umeme uliokwisha kupozwa.

Neno likitoa picha iliyo sahihi kwa mtu aliye chini ya mnara na yenye makosa kwa mtu aliye jikoni kwake, tiba yake ni kuliwekea mwenzake. Mwenzake yupo tayari, na taarifa za serikali humtumia kila siku: msongo. Neno hilo latoka katika songa, kitenzi cha kubana na kukaza. Mpishi husonga ugali, umati husongamana mlangoni, na aliyeelemewa na mambo husemwa kuwa ana msongo wa mawazo. Msongo ni nguvu inayosukuma, wakati mkondo ni kile kinachopita. Umati ukisongamana mlangoni na mlango umefungwa, msongo upo na mkondo haupo. Anayeuelewa mfano huo hatashangaa kwamba waya usiowasha chochote unaweza kuua. Joto halina mfano wa namna hiyo.

Kwa hiyo kituo kiendelee kuitwa cha kupoza umeme. Lakini kibao kilicho uzioni kisiishie kwenye jina na fuvu la kichwa. Neno hatari, ambalo hutawala vibao hivyo, limekwisha kuchakaa katika lugha ya vijana wa Dar es Salaam, ambao humsifu mwimbaji kwa kusema ni hatari. Sentensi fupi ingefaa zaidi: Msongo wa kilovolti 220. Hauhitaji kuguswa ili uue. Maneno hayo hayana istilahi ngeni hata moja isipokuwa kilovolti, na hata hiyo watu wameizoea kutoka katika taarifa ya habari.

Upande wa kuzalishia kuna tatizo dogo la pekee. Kule kituo hakipozi; hupandisha. Kama lugha ingefuata picha yake hadi mwisho, Rufiji kungekuwa na kituo cha kupasha umeme moto, jambo ambalo hakuna anayelisema. Mafundi hutumia kupandisha na kushusha msongo, na maneno hayo hayana kasoro yoyote ila kwamba hayajapata mtu wa kuyatangaza. Kamusi za Kiswahili zingefanya vyema kuyaingiza kwa maana hiyo.

Umekatika, umekatwa, wamekata

Kabla ya kuingia ndani ya uzio, inafaa kusimama kidogo mlangoni, mahali shirika na wateja wake wanapozungumza. Taa zikizimika, shirika husema: umeme umekatika kutokana na hitilafu. Mtaa mzima husema: wamekata umeme. Tofauti ni ya viambishi vichache tu, na imebeba siasa yote ya jambo hili. Kiambishi -ik- huonyesha hali iliyotokea bila kumtaja mtenda, kama sahani iliyovunjika yenyewe kabatini. Umekatwa ingekubali kwamba yupo mkataji asiyetajwa. Wamekata humtaja, ingawa kwa kiwakilishi cha watu wasiojulikana.

Shirika si lazima liwe linaficha. Mara nyingi umeme hukatika kweli. Mei 2008 waya wa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba, uliokuwa ukiihudumia Unguja tangu 1980, ulishindwa, na kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi. Ulishindwa tena Desemba 2009, na safari hii giza liliendelea hadi Machi 2010. Hapo hakuna aliyekata. Lakini mwaka 2006 na 2011, mabwawa yalipopungua maji, mgao ulikuwa uamuzi: mtu alikaa chumbani akachagua laini ipi izimwe saa ngapi. Umma una haki ya kupewa kitenzi tofauti kwa mambo hayo mawili, na Kiswahili kinacho. Taarifa inayosema umekatika pale ambapo umekatwa huwafunza watu kutoiamini hata siku inaposema kweli.

Funga na fungua

Ndani ya kituo kuna vyombo vingi, lakini vinavyohusu mhadhara huu ni swichi. Kila waya unaoingia au kutoka una swichi kubwa, ya kukata mkondo hata wakati wa hitilafu, na pembeni yake mikono ya chuma inayoweza kutenganishwa hadharani ili fundi aone kwa macho kwamba njia imekatika. Fundi hapandi juu ya waya mpaka swichi imekatwa, mikono imetenganishwa, na waya umeunganishwa na ardhi. Amri za kufanya hivyo hutoka kwa waongozaji wa gridi, ambao kwa miaka mingi wamekuwa Ubungo, na anayezipokea anaweza kuwa mamia ya kilomita mbali.

Kwa lugha ya wahandisi wa dunia nzima, swichi iliyofungwa ni ile ambayo ncha zake zimekutana: umeme unapita. Swichi iliyofunguliwa ni ile ambayo ncha zake zimeachana: umeme haupiti. Vitabu vya fizikia vya Kiswahili vimelifuata hilo neno kwa neno vinaposema saketi iliyofungwa. Kwa lugha ya Mswahili, mambo ni kinyume kabisa. Anayefungua bomba huachia maji, anayelifunga huyazuia. Anayefungua redio hutaka kuisikia. Duka likifunguliwa bidhaa hutoka, likifungwa hazitoki. Kila kitu katika maisha ya mzungumzaji, tangu utotoni, kimemfundisha kwamba kufungua ni kuruhusu na kufunga ni kuzuia. Kisha anaingia kituoni na kuambiwa kwamba kwa waya mmoja huu, kufungua ni kuzuia.

Itasemwa kwamba Kiingereza kina mgongano huo huo na watu hawajafa wote. Ni kweli. Lakini aliyesomea kwa Kiingereza alifundishwa mgongano huo darasani, kwa maneno yale yale atakayoyatumia kazini. Fundi wa Tanzania husomea kwa Kiingereza, huongea na wenzake kwa Kiswahili, na hupokea amri kwa mchanganyiko wa lugha mbili, na mgongano humkuta mahali palipo katikati. Mwhandisi mwenye digrii hujilinda kwa kubaki na neno la Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili, na wanaomlaumu kwa kuharibu lugha wanapaswa kujiuliza kama wamempa neno la kushika badala yake. Kibarua aliyeajiriwa kufyeka majani katika mkuza wa njia ya umeme hana kinga hiyo. Akisikia kwamba laini imefunguliwa, ana kila sababu ya kuelewa kwamba umeme unapita. Na akisikia kwamba imefungwa, atadhani ni salama kuukata mti ulioangukia waya.

Tiba ya jambo hili haiko katika kuwafundisha watu kwamba funga maana yake si funga. Lugha haibadilishwi kwa maelekezo ya usalama. Dawa ni kuiacha jozi hiyo kabisa mahali ambapo uhai unahusika, na kutumia maneno yasiyo na uso wa pili. Yapo. Kukata ni kukata, kwa fundi na kwa mkulima. Kuunga ni kuunga. Swichi imekatwa, swichi imeungwa. Laini imekatwa, laini imeungwa. Kwa ile mikono ya chuma, tenga linafaa, kwa sababu linaonyesha nafasi inayoonekana kwa macho: mikono imetengwa. Maneno yote matatu ni mafupi, hayafanani kwa sauti hata kwenye simu inayokwaruza, jambo ambalo funga na fungua hayana. Maneno hayo mawili yana silabi ya kwanza moja, hutofautiana mwishoni tu, na mwishoni ndiko sauti inakopotea.

Zipo kanuni za kazi zinazopunguza hatari hiyo, kama ile ya anayepokea amri kuirudia yote kabla ya kuitekeleza, na ya kuitaja swichi kwa namba yake. Ni kanuni njema. Hata hivyo kurudia neno lenye maana mbili hakuliondolei maana moja. Watu wawili wanaweza kurudiana neno fungua kwa uaminifu kamili, kila mmoja na maana yake.

Jambo hili limepata uzito mpya. Tangu Desemba 2024 gridi za Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa njia ya kilovolti 400 inayotoka Isinya hadi Singida. Upande mmoja husemwa nishati, upande mwingine kawi. Upande mmoja umeme hukatika, upande mwingine stima hupotea. Tofauti hizo hazimdhuru mtu, na wanaisimu wa lahaja watazifurahia kwa miaka mingi. Lakini waya ni mmoja, na siku mafundi wa pande mbili watakapopanda juu yake kwa wakati mmoja, neno la kuuzima linapaswa nalo kuwa moja. Baraza la Kiswahili la Taifa, mashirika mawili ya umeme na taasisi za Kiswahili za nchi zote mbili zinaweza kulipitisha katika kikao cha siku moja. Orodha yake haizidi maneno kumi: kata, unga, tenga, pandisha, shusha, msongo, mkondo, ardhi, na poza, kwa o moja.